Rock ya nyumbani hapa Goma: malalamiko ya kurikodi na kumiksi, sababu zake na vile unazimaliza

Maswali yenye inarudi ni ile ile. Mutu amenunua kadi ya sauti ya bei kidogo, ameweka Reaper (programu ya kurikodi na kumiksi) ku laptop, ameunga gita, kiisha saa sita ya usiku anaandika "wandugu nisaidieni, gita inalia vibaya" bila kusema inalia vibaya namna gani. Inalia hmmm? Inalia krak? Inachelewa? Kila moja iko na dawa yake na dawa ya moja inaweza kuharibu ingine. Basi nimepanga hapa vile batu wanalalamikaga, na chini ya kila lalamiko sababu zake, naanza na ile ya kawaida kabisa naenda mpaka ile ya nadra.

Kitu moja kwanza. Usiguse plagini, zile programu ndogo zenye zinaongezwa ndani ya programu ya kurikodi. Sauti inapita njia ndefu: kidole, nyuzi, waya, kadi, dreva (programu yenye inaongoza kadi), programu, kaske. Shida mara mingi imeingia fasi moja tu ku hiyo njia, na kazi yako ni kujua wapi. Rikodi sekunde kumi bila kucheza kitu. Chomoa waya ku gita, rikodi tena. Chomoa waya ku kadi, rikodi tena. Ukifungua hizo vipande tatu ukasikiliza, nusu ya majibu tayari unayo, na hautakuwa umeshusha mega hata moja ya plagini ya "kusafisha sauti".

Mifano yangu ni ya Reaper juu inapakuliwa haraka, inakuacha uijaribu siku 60 na vitu vyote wazi, na leseni ya mutu wa kawaida ni dola 60. Kama unatumia FL Studio ama Cubase, vitufe vinabadilika lakini sababu ni zile zile.

"Kuna hmmmm chini ya gita, haimaliziki"

Kurani yetu ni ya 50 Hz, kwa hiyo hiyo hmmm unayosikia ni 50 na wadogo zake, 100, 150, kuendelea. Swali ni imeingilia wapi.

Ya kwanza kabisa ni chaja ya laptop. Chomoa chaja, fanya kazi na batri tu, sikiliza. Kelele ikikufa, umemaliza: rikodi na batri, kiisha chaji wakati unamiksi. Wengi wanaishia hapa.

Ya pili ni waya. Waya za jak zenye zinauzwa Birere kwa bei ya soda, ndani kile kitambaa cha chuma chenye kinakinga sauti ni nyembamba ama hakipo. Tikisa waya karibu na jak zote mbili, ikifanya krak ama hmmm inapanda, badilisha. Azima ya mwenzako kabla ya kununua.

Ya tatu ni gita yenyewe na fasi umekaa. Pikapu ya koili moja inakamata kila kitu chenye kiko karibu: taa, ekran, simu, ile prizi ya kugawanya yenye iko chini ya miguu. Geuka na kiti chako polepole mzunguko mzima, utasikia kuna upande kelele inashuka sana. Kaa upande huo. Kama gita yako iko na pikapu mbili za koili moja, weka kile kitufe cha kuchagua katikati, mara mingi zimefungwa kinyume na zinauana kelele.

Kisha kuna invertere ya sola. Zile za bei ya chini hazitoi mawimbi laini ya kurani, zinatoa ya kukatwa-katwa, na hiyo unaisikia sawa bzzzz kali kuliko hmmm. Hakuna plagini ya kuisaidia. Batri ya laptop, kadi yenye inakula kurani ya USB, na invertere izime kwa hiyo nusu saa.

Batu wanapenda kukata 50 Hz mu ikwalaiza (plagini ya kupandisha na kushusha sauti za chini ama za juu). Ujue tu kwamba noti ya G ya chini ku gita ya besi ni 49 Hz. Ukichimba shimo pale, kila besi ikipita ku G inazama, na utakaa wiki mzima unajiuliza kwa nini besi haina nguvu.

Sasa angalia hapa vizuri. Ukigusa nyuzi za gita na kelele inapungua, ile ni kawaida, mwili wako unasaidia kukinga. Lakini ukigusa nyuzi na mikro kwa wakati moja ukasikia kurani inakuuma ku vidole ama ku midomo, SIMAMA. Zima kila kitu ku ukuta. Prizi nyingi za nyumba zetu haziko na waya ya ardhi, na ampli yenye imeharibika ndani inaweza kupitisha 220 nzima ku nyuzi. Ile haiko shida ya muziki tena, ita fundi wa kurani apime prizi na ampli. Na usikate ule muguu wa tatu wa waya ya ampli kusudi kelele iishe, hata kama kuna mutu alikuambia yeye alifanya na iko muzima. Na kama ampli yako ni ya taa, zile za zamani zenye zinapata moto, usifungue: ndani kuna volti mamia zenye zinabakia mu kondansatere hata kama umeshaichomoa. Fundi.

"Gita yangu ya distosheni inasikika kama nyuki mu boksi ya bati"

Hii iko karibu kila mara sababu moja: umeunga gita moja kwa moja ku kadi, umeweka plagini ya ampli, umesahau bafle, ile boksi ya spika. Ampli ya gita haijafanywa isikike yenyewe, ile spika ya inchi 12 yenye iko mbele yake inakata karibu kila kitu juu ya 5 kHz, na bila hiyo distosheni yote inakuja mbichi ku masikio. Tafuta mu plagini sehemu ya bafle, mara ingine imezimwa. Kama unatumia Neural Amp Modeler, ile ya bure, modeli zake nyingi ni za ampli tu, inabidi uweke na faili ya bafle, zile zinaitwa IR.

Sababu ya pili: umeunga ku shimo la mikro ama la laini badala ya shimo la gita. Ku kadi tafuta kitufe cha Inst ama Hi-Z. Gita inataka shimo lenye upinzani mukubwa, karibu megaomu moja, bila hiyo inapoteza ile ukali ya juu na inakuwa dhaifu, kisha unaongeza gain (nguvu ya sauti yenye inaingia) kulipiza na kelele inapanda nayo.

Ya tatu, gain yenyewe. Punguza. Ukiwa peke yako mu chumba distosheni mingi inakupa raha, lakini mu wimbo inakula mapigo yote ya mukono, gita inakuwa ukuta wa kelele. Weka kiwango unachopenda, kiisha rudisha nyuma robo. Ukirekodi mara mbili, kushoto na kulia, ule ukubwa utarudi wenyewe.

"Nikicheza, sauti inanifikia nyuma"

Kabla ya kitu kingine: uko na kaske ya Bluetooth? Ndiyo? Basi hakuna reglaje itakusaidia, Bluetooth peke yake inapita milisekunde 100 bila shida. Tafuta kaske ya waya.

Kama ni ya waya, angalia dreva. Ku Windows, ingia mu Options, Preferences, Audio, Device, na uchague ASIO, aina ya dreva ya haraka. Kama kadi yako iko na dreva ya wale wenyewe waliotengeneza kadi, weka hiyo. Kama haina, weka ASIO4ALL, ni ya bure na inasaidia.

Kiisha bafa, ile hesabu ya vipande vya sauti vyenye kompyuta inakusanya kabla ya kuvitoa. Hesabu ni rahisi: gawanya bafa kwa 44100, vipande vya sekunde moja. Bafa ya 1024 ni milisekunde 23, ya 256 ni karibu 6, ya 128 ni karibu 3, na hiyo unaihesabu kuingia na tena kutoka, na kadi inaongeza yake kidogo. Usiogope namba ndogo: ukisimama mita 3 mbele ya ampli, sauti inakufikia nyuma ya milisekunde karibu 9 na hakuna mutu amewahi kulalamika. Ikipita 15 njo vidole vinaanza kuchanganyikiwa, hasa ku rifu za haraka.

Kwa kurikodi, 128 ama 256. Kwa kumiksi, rudisha 1024 laptop ipumue. Kama laptop yako ni nzee na haiwezi 256, tumia kile kitufe cha kadi chenye kinakupa sauti yako moja kwa moja bila kupita mu kompyuta. Utasikia gita safi bila distosheni, inakera, lakini tempo itakuwa sawa.

"Krak, krak, sauti inakatika-katika"

Hapa batu wanachanganya vitu viwili. Sikiliza: krak iko mu faili, ama iko tu wakati wa kucheza? Rudia fasi ile ile mara mbili. Ikipiga krak fasi tofauti kila mara, faili iko safi, ni kompyuta yenye imechoka: panua bafa, funga Chrome, zima Wi-Fi, angalia kama laptop haijaingia mu hali ya kubana batri (ukifanya kazi bila chaja, Windows inapenda kufanya hivi), kiisha "gandisha" pisti (mistari ya rikodi, kila chombo na wake) zenye plagini nzito. Mu Reaper unaklike kulia ku pisti na kutafuta Freeze.

Ikipiga krak fasi ile ile kila mara, iko mu faili. Ama waya ilitikisika, ama bafa ilikuwa ndogo sana saa ya kurikodi, ama umepasua sauti. Rikodi tena hiyo fasi tu. Kuna plagini za kuondoa krak, zinafanya kazi vizuri ku krak moja-moja, lakini ukiwa na hamsini unapoteza muda, cheza tena.

Faili zako ziko ku flash ya USB? Ziondoe, weka ku diski ya ndani. Flash hazifuati.

"Sauti imepasuka"

Umerikodi juu sana. Mu dunia ya dijitali 0 ni dari, yenye inapita inakatwa, na yenye imekatwa hairudi. Zamani ya kaseti tulikuwa tunasukuma juu kusudi tufunike kelele ya kaseti, hiyo tabia imebakia, lakini ukirekodi ku biti 24 hakuna kelele ya kufunika. Cheza ile sehemu kali kuliko zote ya wimbo, kwa nguvu yenye utacheza kweli na haiko ile ya kujaribu, na urekebishe gain ya kadi mpaka kilele kiwe karibu -12, hata -10. Utaona mawimbi madogo ku ekran. Acha yawe madogo.

Kama taa ya kadi inakuwa nyekundu lakini ku programu mita iko chini, umepunguza sauti fasi mbaya: fader ya pisti haiathiri kile chenye kinaingia. Ni kile kitufe cha kuzungusha ku kadi.

Na kama sauti imepasuka lakini mita haijafika juu popote? Angalia gita yenye batri ya volti 9 ndani, ikiwa inakufa inatoa sauti ya kupasuka yenye inachanganya batu sana. Dola moja umemaliza.

"Nasikia ku sikio la kushoto tu"

Pisti imewekwa kupokea stereo (mashimo mawili), na wewe umeunga shimo moja. Badilisha iwe mono, ingizo 1. Imekwisha.

"Wimbo unaenda mbio na sauti imepanda"

Umerikodi fasi moja ku 44100 na unacheza fasi ingine ku 48000. Inakimbia kwa karibu asilimia 9 na inapanda nusutoni moja na nusu hivi. Hii ama kinyume chake, wimbo unajikokota na sauti inashuka, inatokeaga sana wakati mwimbaji amerikodi na simu kwake Ndosho, akatuma, na simu nyingi zinapenda 48000. Chagua namba moja tangu mwanzo wa mradi na uiandike ku jina la folda.

Na hata kama namba ni sawa, saa ya simu na saa ya kadi haziko sawa kabisa, ku wimbo wa dakika nne sauti inaweza kuteleza mbele ama nyuma kidogo-kidogo. Ukisikia mwanzo iko ku tempo na mwisho imetoka, njo hiyo. Kata sauti ku kila mistari na usogeze vipande.

"Sauti ya mwimbaji inasikika kama yuko mu choo"

Nyumba ya mbao, bati juu, sima chini. Sababu ya kwanza ni umbali: watu wanaimba nusu mita mbali na mikro. Karibia, upana wa mukono moja uliofunguliwa, sentimita 15 mpaka 20. Weka soksi ya nailoni ku waya ya duara mbele kusudi P na B zisipige upepo.

Ya pili ni chumba, na hapa kuna kosa karibu kila mutu analifanya: anaweka matela nyuma ya mikro. Mikro nyingi zinasikia mbele na hazisikii nyuma, na mbele yake ni wewe na ukuta wenye uko nyuma ya mugongo wako. Matela iende nyuma ya mwimbaji. Bitenge, blanketi nzito, nguo mu kabati imefunguliwa, yote nyuma yake na kando. Masanduku ya mayai usipoteze muda, ni karatasi, inapunguza kidogo sauti ya juu tu na haizuii jenereta ya jirani hata kidogo.

Ya tatu ni aina ya mikro. Zile za kondensa zinasikia mbwa wa avenue ya tatu, pikipiki zinapanda mlima, mama anaita mutoto. Mu nyumba ya mbao mikro ya dinamiki, hata ile ya kanisa ya kushika mukononi, inakupa sauti safi zaidi juu haisikii mbali. Rock haihitaji ile uwazi wa kondensa, inahitaji mutu amekaribia na anapaza sauti. (Kama ni kondensa na haitoi kitu kabisa, bonyeza 48V ku kadi. Usiibonyeze kama umeazima mikro ya riboni, zingine zinakufa.)

Mvula ikianza ku bati, acha. Kweli, acha. Kelele ya mvula inaenea sawa kutoka chini mpaka juu, inakaa fasi ile ile ya S na SH na F za maneno yako, ukiiondoa na plagini unaondoa maneno nayo na inabakia sauti ya roboti. Miksi, kunywa chai, rikodi besi yenye imeungwa moja kwa moja, hiyo haisikii mvula. Na radi ikianza kupiga ku upande wa Nyiragongo, chomoa vyote ku ukuta, kadi na laptop na ampli. Kuzima ku kitufe haitoshi.

Jenereta yako mwenyewe isiingie ndani hata kama mvula, hata kama mlango uko wazi. Mu moshi yake kuna gesi yenye inaua na haina harufu ya kukuamsha.

"Magita yote yamechanganyika, hakuna yenye inasikika"

Hii njo napenda kuongelea zaidi juu ni ya kwetu kweli. Wengi wa ba gitarist wa hapa tumefunzwa mu chorale. Mukono umezoea sebene: gita safi, nyuzi zote zinaongea, vidole vinatembea juu ya shingo. Kiisha unawasha distosheni na kushika akodi ile ile ya nyuzi sita, na inakuwa matope.

Sababu iko mu fizikia. Distosheni haiongezi tu sauti, inazaa noti mpya: jumla na tofauti ya kila noti mbili zenye zinalia pamoja. Shika E ya chini, 82 Hz, na B yenye iko juu yake, karibu 124. Tofauti ni 41, na 41 ni E tena, oktavi moja chini. Njo maana akodi ya noti mbili inasikika nzito kuliko gita yenyewe. Sasa shika E na G diezi (G#), 82 na 104: tofauti ni karibu 21, haiko noti ya kitu chochote, ni mtetemo tu wa uchafu. Zidisha hiyo kwa nyuzi sita.

Basi sababu kwa mupango: ya kwanza, akodi kubwa mno. Shika mzizi na ya tano, nyuzi mbili ama tatu, na kiganja cha kulia kizibe zingine. Kama wimbo unataka meja ama mina isikike, ipe gita ya pili yenye haina distosheni, ama mwimbaji.

Ya pili, magita yote yanacheza fasi moja ya shingo. Na hapa yule wa chorale ana faida juu ya ma-rocker wa YouTube, sababu rumba imepanga hii kitu zamani: accompa chini, mi-solo katikati, solo juu, kila moja na fasi yake na hakuna anayekanyaga mwenzake. Fanya vile vile. Accompa ya distosheni chini, mara mbili, moja kushoto kabisa, moja kulia kabisa. Mi-solo safi ama ya distosheni kidogo, oktavi juu, kandokando. Solo katikati wakati mwimbaji amenyamaza. Ukipanga hivyo, ikwalaiza inabakia na kazi kidogo sana.

Ya tatu, "upana" wa uongo. Mutu anarikodi accompa moja, ana-copy, anaweka moja kushoto moja kulia, anashangaa haipanuki. Kopi mbili sawa ni mono yenye imepanda sauti, basi. Akisogeza moja milisekunde 20 inapanuka ku kaske, kiisha ku kabafle ka Bluetooth kenye ni mono noti zingine zinakufa. Cheza mara mbili kweli. Tofauti ndogo za mukono wako njo upana wenyewe.

Ya nne tu, ndiyo, ikwalaiza. Mu ReaEQ, ikwalaiza ya Reaper, kata gita chini ya 80 ama 100 Hz, hiyo ni nyumba ya besi na ya kiki (ngoma kubwa ya muguu). Punguza desibeli 2 ama 3 kati ya 200 na 400 kama bado ina matope. Kama inachoma masikio, tafuta kati ya 2 na 5 kHz, lakini uende polepole, maneno ya mwimbaji yanaishi pale pia, na mara ingine ni gita yenye inatakiwa kushuka kusudi mwimbaji atoke.

Kama umeweka mikro mbili ku ampli moja na sauti ni nyembamba, bonyeza kitufe cha Ø, chenye kinageuza mawimbi juu-chini, ku pisti moja. Ikineneka, iache.

"Ngoma ziko dhaifu" na "ngoma ziko mashini"

Karibu hakuna mwenye anarikodi ngoma za kweli nyumbani, ba jirani hawatakubali, tunaandika na MT Power Drum Kit ama ingine ya bure. Kwanza usilinganishe na ile yenye ulisikia ku jukwaa la Festival Amani, pale kuna mabafle ya watt elfu na hewa inakupiga kifuani, hakuna kaske itafanya hivyo. Linganisha na wimbo wa rock wenye umerikodiwa, umeushusha sauti mpaka ulingane na wako.

Zikiwa dhaifu: mara mingi magita yamezifunika, rudi ku sehemu ya juu. Kisha, kiki inahitaji vitu viwili, uzito karibu 60 na ule mugongano wa nyundo karibu 3 mpaka 4 kHz. Mu rock ni ule wa pili wenye unakosekana.

Zikiwa mashini: nguvu ya kila pigo ni ile ile. Namba inaenda kutoka 1 mpaka 127, na watu wanaacha zote 127. Hai-hati ipande na kushuka, sneya ndogo kati-kati iwe 40 hivi. Na uhesabu mikono: mupiga ngoma iko na mbili tu, kama umeandika kreshi, hai-hati na sneya kwa pigo moja, sikio linajua hata kama halijui kwa nini.

"Ku kaske ni tamu, ku simu besi haiko"

Spika ya simu haitoi karibu kitu chini ya 200 Hz, na E ya besi ni 41. Hautaweza kuiweka hapo hata ukipandisha vipi, utaharibu tu ku bafle kubwa. Lakini sikio linajenga noti ya chini lenyewe likisikia wadogo zake wa juu. Basi kopi pisti ya besi, kata kila kitu chini ya 200 ku kopi, iwekee distosheni kidogo, uichanganye chini ya ile ya kwanza mpaka ku simu uanze kufuata besi inaenda wapi. Gita ya besi mu rock inapenda hiyo hata bila shida ya simu.

Miksi na sauti ya chini, ile yenye mutu anaweza kuongea juu yake. Masaa mawili juu na kaske unakuwa kiziwi wa sauti kali, unaongeza ukali, asubuhi inachoma.

"Wimbo wangu ni mdogo kuliko ya wengine"

Usikimbilie limita, ile plagini yenye inabana vilele kusudi wimbo upande sauti. YouTube na Spotify zinapunguza zenyewe nyimbo zenye zinapita karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo), ukisukuma mpaka -6 wanakushusha, na kile chenye kinabakia ni ngoma zilizobanwa. Mara mingi wimbo ni mdogo sababu chini ya 40 Hz kuna takataka yenye hausikii lakini inakula dari. Kata pale ku pisti ya jumla, kiisha limita kidogo, acha kilele -1 kusudi MP3 isipasuke. Ukiituma ku WhatsApp, tuma faili yenyewe kama dokumenti. Kurikodi bafle na voisi halafu kuuliza watu "miksi iko namna gani" ni kuwachosha bure.

"Kurani imekatika na mradi haufunguki"

Usibonyeze Save juu ya kitu chochote kwanza. Tafuta mu folda ya mradi faili yenye inaishia na .rpp-bak, ni kopi ya mradi vile ulikuwa kabla ya save ya mwisho; badilisha jina iwe .rpp, uifungue. Hata hiyo ikikataa, rikodi zenyewe ni faili za WAV mu folda ile ile, ziingize mu mradi mupya, unapoteza reglaje tu. Kiisha ingia mu Preferences, Project, uwashe kopi ya kila dakika kadhaa yenye saa ku jina.

Kama folda nzima haionekani, ama diski inafanya tik-tik-tik, usiweke programu za kutafuta faili ku diski ile ile, usiwashe na kuzima laptop "kujaribu tena". Kila kuwasha kunaweza kuandika juu ya wimbo wako. Izime, mupelekee fundi wa kompyuta, na umwambie mbele ya yote kwamba unataka faili, haiko Windows mupya, juu wengine jambo la kwanza wanafanya ni kuformata.